Kujenga Ofisi Inayojali Mazingira Dar es Salaam: Mwongozo Kamili Kuanzia Kiwanja Hadi Mwaka wa Kwanza wa Matumizi

Saa tisa alasiri, mwezi Februari, katika ofisi moja ya ghorofa ya tano niliyoitembelea kikazi katikati ya Dar es Salaam, wafanyakazi wa upande wa magharibi walikuwa wamebandika vipande vya maboksi na kurasa za magazeti kwenye kioo kilichoanzia sakafuni hadi darini. Mapazia yalikuwa yamefungwa, taa zote zinawaka, viyoyozi vinanguruma, na mama mmoja wa masijala alikuwa amejifunika kitenge mabegani kwa sababu kiti chake kilikuwa chini kabisa ya mdomo wa kiyoyozi. Jengo hilo lilikuwa na paneli za sola juu ya paa, na mwenye nyumba aliliita la kijani.

Kosa la jengo hilo halikufanywa na fundi wala na mnunuzi wa viyoyozi. Lilifanyika kwenye karatasi, siku mstari wa kwanza ulipochorwa na upande mrefu wa jengo ukaelekezwa magharibi kwa sababu barabara iko huko. Kwa hiyo mwongozo huu unafuata mpangilio mmoja bila kuuruka: kwanza kupunguza joto na mahitaji kwa umbo la jengo, kisha kuchagua vifaa visivyokula umeme na maji ovyo, na mwisho kabisa sola. Anayeanza na sola hununua paneli za kulisha makosa yake mwenyewe.

Mfano utakaotumika kote ni ofisi ya ghorofa nne, yenye sakafu ya mita 15 kwa 40, yaani mita za mraba 600 kwa kila ghorofa na 2,400 kwa jumla, itakayokuwa na wafanyakazi 200.

Hatua ya kwanza: Andika mahitaji kwa tarakimu

Hati ya mahitaji unayompa mbunifu majengo isiseme tu kwamba unataka jengo rafiki kwa mazingira, kwa kuwa sentensi hiyo haitamfunga mtu yeyote pale fedha zitakapoanza kupungua. Iseme, kwa mfano, kwamba jengo lisitumie zaidi ya uniti 80 za umeme kwa kila mita ya mraba kwa mwaka, lisitumie zaidi ya lita 25 za maji kwa kila mfanyakazi kwa siku, na kwamba mtu anayekaa ndani ya mita 6 kutoka dirishani aweze kusoma na kuandika mchana bila taa. Uniti 80 ni lengo gumu kiasi katika mji wa joto na unyevu, lakini linafikika kwa ofisi isiyopoza kila chumba.

Ukitaka kipimo kinachotambulika na mabenki, chukua EDGE, mfumo wa kupima majengo wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC) lililo chini ya Kundi la Benki ya Dunia, unaotaka jengo liokoe angalau asilimia 20 katika nishati, katika maji, na katika kaboni inayotokana na kutengeneza vifaa vya ujenzi, likilinganishwa na jengo la kawaida la mahali hapo. Programu yake hutumika mtandaoni bila malipo, na ni vema kuijaza mapema hata kama huna nia ya kutafuta cheti, maana inaonyesha papo hapo ni badiliko gani lina faida na lipi ni pambo.

Mbunifu majengo, mhandisi wa miundo, wahandisi wa umeme na mitambo, na mkadiriaji majenzi wakae meza moja tangu mchoro wa kwanza wa penseli. Desturi yetu ya kumwita mhandisi wa viyoyozi michoro ikiwa imeshakamilika humwachia kazi moja tu: kuongeza mashine mpaka makosa ya umbo yasisikike mwilini.

Hatua ya pili: Soma jua na upepo wa kiwanja

Dar es Salaam ipo takriban nyuzi 6.8 kusini mwa ikweta. Maana yake ni kwamba kuanzia mwanzoni mwa Machi hadi karibu tarehe 9 Oktoba jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini, na miezi iliyobaki huwa upande wa kusini. Mwezi Juni, linapokuwa kaskazini zaidi, hufika kama nyuzi 60 juu ya upeo wa macho. Mwezi Desemba, likiwa kusini, hufika kama nyuzi 73. Yote mawili ni majua ya juu, na jua la juu ni rahisi kulikinga. Adui ni jua la chini, la mashariki asubuhi na la magharibi alasiri, linaloingia dirishani moja kwa moja kama mgeni asiyebisha hodi.

Sasa tazama upepo. Kusi huvuma kutoka kusini na kusini-mashariki, takriban Aprili hadi Septemba, na kaskazi huvuma kutoka kaskazini-mashariki, takriban Desemba hadi Machi, ambayo ndiyo miezi ya joto kali. Kwa bahati njema, jua na upepo vinakubaliana: jengo ambalo pande zake ndefu zinatazama kaskazini na kusini, na pande zake fupi zinatazama mashariki na magharibi, huepuka jua baya na hupokea pepo zote mbili. Kwenye mfano wetu, ukuta wa mita 40 utazame kaskazini na kusini, na ule wa mita 15 utazame mashariki na magharibi. Kiwanja kikilazimisha vinginevyo, jengo linaweza kugeuzwa ndani ya kiwanja hata kama halitakuwa sambamba na barabara. Wateja wengi hulikataa wazo hilo mwanzoni, na ni juu ya mbunifu kuwaonyesha kwa hesabu.

Hesabu yenyewe ni hii. Jua la alasiri linapogonga ukuta wa magharibi huleta takriban wati 600 kwa kila mita ya mraba. Dirisha la mita za mraba 10 lenye kioo cheupe cha kawaida, kinachopitisha karibu asilimia 80, huingiza kilowati 4.8 za joto. Kiyoyozi cha BTU 18,000 (BTU ni kipimo cha nguvu ya kupoza) huondoa kilowati 5.3. Kwa maneno mengine, umenunua kiyoyozi kizima, na utakilipia umeme kila siku ya Mungu, ili kupambana na dirisha moja.

Kwenye kiwanja hicho hicho chunguza pia maji yanaelekea wapi wakati wa masika, kina cha maji ya ardhini, na miti iliyopo. Mwembe uliokomaa upande wa magharibi usikatwe kwa ajili ya maegesho mawili ya magari. Hakuna kioo cha bei yoyote kinachofanya kazi yake. Na pale ambapo maji ya ardhini yako juu, achana kabisa na maegesho ya chini ya ardhi, kwa sababu yanadai zege jingi, vizuia maji, na pampu itakayofanya kazi maisha yote ya jengo.

Hatua ya tatu: Chora vivuli

Dirisha la kaskazini lenye urefu wa mita 1.5 kwenda juu linahitaji kanopi inayotoka sentimita 87 ili jua la adhuhuri la Juni lisiguse kioo. La kusini, kwa jua la Desemba, linahitaji sentimita 45 tu. Nyuma ya tarakimu hizo kuna hesabu rahisi ya pembetatu, lakini zinahusu saa sita mchana peke yake. Kwa saa za kabla na baada, ongeza kanopi ya kaskazini ifike mita 1 na uipitishe pembeni mwa dirisha pande zote mbili, au weka bapa la wima kila upande wa dirisha. Kanopi hiyo ina kazi ya pili ambayo watu huisahau: dirisha lililokingwa linaweza kubaki wazi mvua ikinyesha, ilhali dirisha lisilo na kanopi hufungwa kwa manyunyu ya kwanza na kuigeuza ofisi kuwa tanuri.

Mashariki na magharibi kanopi haifui dafu, kwa sababu jua liko chini yake. Huko weka ngazi, vyoo, stoo, lifti na ukuta wa tofali zenye matundu, na madirisha machache, membamba, yenye mabapa ya wima. Kwa jumla, eneo la vioo lisizidi takriban theluthi moja ya eneo la kuta. Majengo ya vioo vitupu tuliyoyaiga yalibuniwa kwa ajili ya nchi ambazo jua ni mgeni anayekaribishwa. Wazee wa Mji Mkongwe wa Zanzibar, kwa chokaa na mawe ya matumbawe, walijenga kuta nene na mitaa myembamba inayotiliana kivuli, na hakuna aliyehitaji kubandika boksi dirishani.

Paa nalo hupigwa na jua kutwa nzima. Lipakwe rangi nyeupe au liezekwe bati la rangi ya mwanga, liwekewe kizuia joto, na liachwe nafasi ya hewa kupita kati yake na dari.

Hatua ya nne: Pitisha upepo, kisha upoze palipobaki

Upepo unaoingia upande mmoja na kutokea wa pili hufanya kazi vizuri ikiwa kina cha jengo hakizidi takriban mara 5 ya urefu wa kutoka sakafuni hadi darini. Dari likiwa mita 3, kina kisizidi mita 15, na ndiyo sababu ya upana tuliouchagua. Ukikata sakafu hiyo kwa ukuta mrefu wa katikati, wenye vyumba vya mabosi huku na huku, hesabu yote imevunjika. Kuta za ndani ziwe fupi au ziwe na matundu juu ya milango.

Aina ya dirisha huamua mengi kuliko ukubwa wake. Dirisha la aluminiamu la kusukuma, lile linalopendwa kwa unafuu wa bei, hufunguka nusu tu: umelipia mita 2 za upana, umepata mita 1 ya upepo. Likiongezewa wavu wa mbu, upepo hupungua tena kwa kiasi kikubwa. Luva, au dirisha linalofunguka lote kwa bawaba, hutoa karibu nafasi yote, na kwa kuwa wavu hauepukiki, ongeza ukubwa wa matundu tangu mwanzo.

Pangaboi halina heshima machoni pa watu wengi, lakini hewa inayokwenda mita 1 kwa sekunde humfanya mtu ahisi joto limeshuka kwa nyuzi 2 hadi 3. Pangaboi la kawaida hula takriban wati 70, na la mota mpya hula nusu ya hapo, wakati kiyoyozi cha BTU 12,000 hula karibu wati 1,000. Panga kila eneo la madawati liwe na pangaboi, kisha viyoyozi viwekwe mahali pasipokwepeka: chumba cha seva, vyumba vya mikutano, na eneo la madawati kwa saa za joto kali za Desemba hadi Machi. Vikiwa pamoja na mapangaboi, viyoyozi huweza kuwekwa nyuzi 26 badala ya 20, na mama wa masijala hatahitaji kitenge.

Unaponunua, chagua kiyoyozi cha inveta, yaani kinachopunguza nguvu chenyewe chumba kikishapoa, na uulize gesi yake ya kupozea. R410A ina nguvu ya kupasha dunia joto mara 2,088 ya ile ya kabonidioksidi, R32 ina mara 675. Gesi za kundi hili zinapunguzwa kwa awamu chini ya makubaliano yaliyofikiwa Kigali mwaka 2016, hivyo mashine ya gesi ya zamani itakusumbua kwenye matengenezo pia.

Hapa ni lazima nitoe tahadhari kuhusu kuiga. Jengo la Eastgate la Harare, lililobuniwa na Mick Pearce na kukamilika mwaka 1996, husifiwa kwa kupoa bila viyoyozi vya kawaida kwa wazo lililochukuliwa kwenye vichuguu vya mchwa: hewa baridi ya usiku hupitishwa ndani ya sakafu za zege, zege hupoa, na mchana hunyonya joto. Ofisi za Umoja wa Mataifa zilizofunguliwa Gigiri, Nairobi, mwaka 2011 nazo zinategemea hewa ya kawaida, nyua za ndani zenye mwanga, na sola. Lakini Harare na Nairobi ziko takriban mita 1,500 na zaidi juu ya usawa wa bahari, na usiku wake ni wa baridi. Usiku wa Februari Dar es Salaam hushuka hadi nyuzi 25 hivi tu, na zege halina baridi ya kunyonya. Anayejenga Dodoma, kwenye mita takriban 1,100 na hewa kavu, anaweza kuitumia mbinu ya Eastgate na kuta nzito. Anayejenga Mbezi ategemee kivuli na upepo.

Hatua ya tano: Mwanga

Hatua hii ni fupi kwa sababu umbo limeshaifanya kazi. Mwanga wa mchana hupenya takriban mara 2 hadi 2.5 ya urefu wa juu ya dirisha, hivyo ukumbi wa mita 15 wenye madirisha pande mbili huangaza karibu wote. Paka dari nyeupe, tumia taa za LED, na muhimu zaidi, panga swichi kwa safu zinazofuatana na dirisha. Swichi moja inayowasha ukumbi mzima huua akiba yote.

Hatua ya sita: Zege, tofali na mbao

Saruji huchangia takriban asilimia 7 hadi 8 ya kabonidioksidi inayotokana na shughuli za binadamu, kwa sababu mawe ya chokaa huchomwa kwenye joto linalofika nyuzi 1,450 hivi na yenyewe hutoa gesi hiyo yanapopata joto. Hatua ya kwanza ya kuipunguza ni ya mhandisi wa miundo: nafasi kati ya nguzo iwe mita 6 hivi badala ya 9, na slabu itapungua unene na nondo. Ya pili ni kuchagua saruji iliyochanganywa na pozolana, majivu ya volkano yanayopatikana nchini kwetu, kwa kazi ambazo mhandisi ameridhia. Zege la aina hii hukawia kidogo kupata nguvu, kwa hiyo ratiba ya kuondoa fomu, yaani mbao zinazolishikilia zege, izingatie hilo.

Kwa kuta zisizobeba mzigo, tofali za udongo na saruji za kufungamana, zinazoshindiliwa kwa mashine na kukaushwa kivulini, hazihitaji kuni kama tofali za kuchoma, na hupunguza saruji ya kuunganishia tofali. Mbao za milango na samani ziwe za misaji au misindano ya mashamba ya kupandwa, zenye hati za uvunaji.

Mchanga wa ufukweni usikanyage saiti. Chumvi yake huozesha nondo, na jengo linalobomolewa baada ya miaka 25 haliwezi kuitwa endelevu hata kama lilikuwa na paneli elfu. Kwa sababu hiyo hiyo, karibu na bahari zege linalofunika nondo liwe na unene wa milimita 40 hadi 50.

Hatua ya saba: Maji

Milimita 1 ya mvua juu ya mita ya mraba 1 ni lita 1. Dar es Salaam hupata takriban milimita 1,100 kwa mwaka. Paa letu la mita za mraba 600, tukiondoa asilimia 20 inayopotea, hukusanya kama lita 528,000. Vyoo vya zamani vinavyotumia lita 9 kwa flashi, vikitumiwa mara 3 kwa siku na watu 200 kwa siku 250, vinahitaji lita 1,350,000. Vyoo vya vitufe viwili, vyenye wastani wa lita 4, vinahitaji 600,000. Kwa hiyo badiliko la choo ndilo linaloifanya mvua iwe na maana.

Tatizo ni kwamba mvua haigawanyiki sawasawa. Kuanzia Juni hadi Septemba hunyesha kidogo sana, na tangi la kuvuka miezi hiyo yote lingehitaji karibu lita 200,000. Mimi ningejenga la 50,000, linalotosha siku 20 hivi za kazi, na kukubali bomba lisaidie kiangazi. Weka kifaa cha kumwaga maji ya kwanza yanayoosha paa, na mabomba ya maji ya mvua yawe na rangi tofauti ili fundi wa miaka ijayo asiyaunganishe na sinki la chai.

Hatua ya nane: Sasa sola

Mita za mraba 400 za paa hubeba kama kilowati 80 za paneli, na kila kilowati hutoa karibu uniti 4 kwa siku, yaani jumla ya uniti 115,000 kwa mwaka. Tuchukulie jengo la vioo la ukubwa huu linakula uniti 200 kwa mita ya mraba: matumizi ni 480,000, na sola inafunika robo. Jengo lililofikia lengo la uniti 80 linakula 192,000, na paneli zile zile zinafunika asilimia 60. Zielekezwe kaskazini kwa mwinamo wa nyuzi 10 hivi ili mvua ioshe vumbi, na paachwe njia ya mtu kupita kuzisafisha.

Hatua ya tisa: Vibali na BOQ

Chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, wasiliana mapema na NEMC, taasisi ya taifa ya usimamizi wa mazingira, ujue mradi wako unahitaji tathmini ya athari kwa mazingira ya kiwango gani, kisha uende halmashauri kwa kibali cha ujenzi. Wataalamu na mkandarasi wawe wamesajiliwa na bodi zao: wabunifu na wakadiriaji AQRB, wahandisi ERB, makandarasi CRB.

Hatari kubwa iko kwenye BOQ, yaani orodha ya vipimo vya kazi na bei zake. Bei zikizidi bajeti, vitu vya kwanza kufutwa huwa kanopi, mabapa ya kivuli na kizuia joto cha paa, kwa sababu mteja havioni kama anavyoviona vigae vya mapokezi. Andika kwenye mkataba kwamba kufuta chochote kati ya hivyo kunahitaji hesabu mpya ya viyoyozi na ya umeme wa miaka 10. Nimeona hesabu hiyo ikirudisha kanopi mezani siku hiyo hiyo.

Hatua ya kumi: Saiti

Mirunda ya kushikilia slabu hukatwa kwa mamia na kutupwa baada ya kazi mbili tatu. Tegemeo za chuma hukodishwa na hurudi. Mabaki ya tofali na zege yasagwe na kujazwa chini ya sakafu za nje. Zege lisiongezwe maji saiti ili limwagike kirahisi, lipimwe kwa vipande vya siku 7 na 28, na slabu iloweshwe angalau siku 7. Udongo wa juu uliochimbwa uhifadhiwe kando kwa ajili ya bustani.

Hatua ya kumi na moja: Makabidhiano na mwaka wa kwanza

Usipokee funguo kabla mkandarasi hajawasha na kupima kila mfumo mbele yako, ukiwemo mwelekeo wa kila valvu ya maji ya mvua. Dai mwongozo wa matumizi kwa Kiswahili, kurasa chache, na umpe mlinzi na mtu wa usafi nakala yake, kwa kuwa hao ndio wanaofungua madirisha alfajiri na kuzima taa jioni.

Kila ghorofa iwe na mita yake ya LUKU au mita ndogo ya kusomwa, na viyoyozi viwe na mita yao peke yake. Andika uniti kila mwisho wa mwezi kwa miezi 12, uzilinganishe na lengo la hatua ya kwanza. Kisha, Jumapili moja saa tatu usiku, nenda ukasome mita jengo likiwa tupu. Katika ofisi moja tuliyoifuatilia, karibu uniti 6 zilikuwa zinatembea kila saa bila mtu ndani. Tulipanda ghorofa kwa ghorofa na tochi, tukakuta viyoyozi viwili vya chumba cha mikutano vinapoza viti vitupu tangu Ijumaa mchana, majokofu matatu ya vinywaji, na pampu ya tangi inayojiwasha na kujizima kwa sababu choo kimoja cha ghorofa ya pili kilikuwa kinavuja.